Kuzalisha klauni nyumbani: fuga rotifa kwanza

Mtu akiona klauni wake, wale samaki wadogo wa baharini wenye mistari myeupe, wametaga kwa mara ya kwanza, mbio zake huwa ni kutafuta tangi la vifaranga. Kwa mayai hayo amekwisha kuchelewa. Kifaranga wa klauni akianguliwa usiku huu, kesho mchana anataka kula. Na hali chochote ila kilicho hai, kinachojongea mbele ya macho yake, na kidogo kiasi cha kuingia kwenye mdomo wa samaki mwenye urefu wa milimita tatu au nne. Chakula hicho ni rotifa, vijidudu vya maji chumvi vidogo kama vumbi, na kundi la rotifa la kutosha halijengwi kwa siku moja. Ndiyo maana hapa nitasema mengi kuhusu ndoo na vijidudu, na machache kuhusu samaki wenyewe. Samaki wanaijua kazi yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Martin Moe wa Florida, Marekani, alifanikiwa kuwazalisha kwa biashara, na msingi wa kazi bado ni uleule: wazazi walioshiba, maji safi, rotifa, kisha atemia, yaani kamba wadogo sana wa maji chumvi.

Naandika nikiamini kwamba tayari una uzoefu na tangi la maji chumvi. Kama bado unapambana na amonia, sumu itokanayo na kinyesi cha samaki, kwenye tangi la samaki wakubwa, malizana nayo kwanza.

Kupata jozi

Kuna aina karibu 30 za klauni, zote asili yake ni Bahari ya Hindi, Bahari ya Shamu na Pasifiki. Kwa anayeanza, chagua Amphiprion ocellaris au Amphiprion percula. Ni wapole, hawadai nafasi kubwa, na hutaga mara kwa mara. Klauni wa rangi ya damu ya mzee, Premnas biaculeatus, waachie wenye uzoefu. Jike wake ana hasira na anaweza kumuua mwenzake ndani ya tangi dogo.

Hakuna klauni anayezaliwa jike. Katika kundi, mkubwa kuliko wote ndiye hugeuka jike, anayemfuata huwa dume, na waliobaki hubaki wadogo bila kuzaa. Jike akifa, dume hupanda cheo na kuwa jike, na akishageuka harudi tena. Kwa mfugaji hili ni neema, maana huna haja ya kukisia jinsia wakati wa kununua. Chukua wawili wadogo wa aina moja, mmoja amzidi mwenzake kidogo kwa umbo, uwaweke pamoja wapangane wenyewe. Kosa la kuepuka ni kuwakutanisha wakubwa wawili ambao kila mmoja ameshakuwa jike. Hao hawatapatana kamwe.

Utajua wamepatana ukimwona mdogo anainama ubavu mbele ya mkubwa na kutetemeka mwili mzima kwa sekunde chache. Huko ni kukubali kuwa chini. Kufukuzana kidogo ni kawaida, lakini mapezi yakianza kuchanika au mmoja akawa anajificha juu pembeni bila kuthubutu kula, watenganishe.

Baada ya hapo ni kungoja. Wadogo uliowanunua wanaweza kuchukua mwaka mmoja na nusu, hata zaidi, kabla ya kutaga. Asiye na subira hiyo hununua jozi ambayo tayari inataga, kwa bei kubwa, na hata hiyo ikihamishwa huweza kugoma kwa miezi kadhaa.

Kama una uchaguzi, chukua waliozaliwa kwenye matangi badala ya waliovuliwa. Wamezoea chakula kikavu na mara nyingi hawaji na Bruklinela, ugonjwa unaowaandama sana klauni waliovuliwa: ngozi hutoa ute mzito mweupe, hubanduka, na samaki hufa ndani ya siku chache. Wote, hata hivyo, wapitishe karantini ya mwezi mzima kwenye tangi la peke yao.

Tangi la wazazi

Lita 75 hadi 100 zinatosha jozi moja, na iwe peke yake humo. Joto liwe nyuzi 26 hadi 28, uzito wa maji chumvi ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi uwe kati ya 1.023 na 1.026, pH 8.1 hadi 8.4, amonia na nitriti sifuri. Namba hizi zina uwanja mpana kidogo, na usihangaike kukamata tarakimu moja. Samaki huchukia zaidi kubadilishiwa kila wiki. Taa ziwake na kuzima saa zilezile kila siku, kama saa 12 hadi 14 za mwanga. Swichi ya saa ni rahisi na haisahau.

Anemoni, mnyama wa baharini mwenye minyiri, si lazima. Baharini klauni hutegemea anemoni kwa ulinzi, lakini ndani ya tangi hakuna adui, na anemoni mwenyewe anadai taa kali na maji yaliyokomaa kuliko samaki. Weka chungu cha maua cha udongo kilicholazwa ubavu, au kigae cha ukutani kilichoegemezwa kwenye kioo. La msingi ni kwamba mahali watakapotagia pawe pa kutolewa bila kubomoa tangi. Wakichagua kioo au jiwe kubwa badala ya kigae chako, egemeza kigae palepale wanapopapenda, nao kwa kawaida watahamia.

Lisha mara tatu kwa siku, kidogokidogo, na ubadilishe: kamba waliosagwa, ngisi, mayai ya samaki, nyama ya kome, na chembe za chakula kikavu zilizo bora. Kiini cha yai kinatokana na alichokula jike wiki zilizopita, na kifaranga ataishi kwa kiini hicho saa zake za mwanzo. Jozi inayolishwa chakula kikavu peke yake hutaga pia, ila vifaranga wake hufa kwa wingi siku ya pili au ya tatu, na mwenye tangi hubaki akilaumu maji.

Rotifa, kabla ya yai la kwanza

Rotifa anayetumika ni Brachionus plicatilis, mnyama mdogo wa maji chumvi mwenye upana unaopimwa kwa sehemu za milimita. Ukichota maji yake kwenye glasi na kuiinua mbele ya taa, utaona vumbi jeupe linalojiendea lenyewe. Anza kumfuga wiki tatu kabla ya unapotegemea kuvuna. Kwa jozi ambayo tayari inasafisha kigae, maana yake ni leo.

Vifaa si vingi: ndoo mbili nyeupe za lita 10 hadi 20 ambazo hazijawahi kuguswa na sabuni, pampu ya hewa, mpira mgumu wa kupitisha hewa usio na jiwe mwishoni, na chujio la kitambaa lenye matundu ya maikroni 53, yaani sehemu 53 za elfu za milimita. Jiwe la hewa silipendi kwenye ndoo ya rotifa, kwani mapovu madogomadogo hunasa uchafu na kuleta ukoko. Mapovu makubwa yanayopanda polepole, kama mawili au matatu kwa sekunde, yanatosha kuyazungusha maji.

Changanya maji chumvi ya uzito wa 1.018 hadi 1.020. Wapo wanaoshusha zaidi kwa sababu rotifa huongezeka kwa kasi kwenye chumvi kidogo, lakini ukija kuwamwaga kwenye tangi la 1.025 wanapata mshtuko, wanazama chini, na kifaranga hatafuti chakula sakafuni. Joto la chumba la nyuzi 24 hadi 28 linafaa.

Chakula cha rotifa ni mwani mdogo wa kijani, hasa Nannochloropsis. Unaweza kuufuga mwenyewe kwenye chupa chini ya taa, lakini kwa mtu wa nyumbani mimi naona ni mzigo wa pili usio na lazima. Nunua ule uliokolezwa unaohifadhiwa kwenye friji na utumie matone. Kanuni ni rangi. Asubuhi tia mwani mpaka maji yawe ya kijani hafifu, kiasi kwamba mkono ukiutumbukiza hadi kifundo bado unaona vidole kwa shida. Jioni angalia tena. Yakiwa yamekuwa meupe, rotifa wamekula, ongeza. Yakiwa bado ya kijani, usiongeze, kwa maana kuna kitu hakiendi sawa au umezidisha.

Sasa hesabu yenyewe, ambayo watu huiruka. Tangi la vifaranga la lita 20 likitakiwa kuwa na rotifa 10 kwa kila mililita, linataka rotifa 200,000. Ndoo ya lita 10 yenye rotifa 100 kwa mililita ina milioni moja. Ukivuna robo yake, yaani lita mbili na nusu, unapata 250,000. Ndoo moja iliyokomaa, basi, inatosha, na robo hiyo itajijaza tena kesho kama unalisha. Ndoo ya pili ni ya akiba. Rotifa huwa na tabia ya kufa wote kwa usiku mmoja, na usiku huo huwa ndio vifaranga wako wana siku tatu.

Kuhesabu si kazi ya maabara. Chota mililita moja kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ipunguze kwa kuichanganya na mililita tisa za maji safi ya chumvi, kisha chota mililita moja ya mchanganyiko huo na utie tone la siki ili watulie. Hesabu kwa lenzi ya kukuzia, zidisha kwa kumi. Ukiwa na hadubini hata ya watoto wa shule, tazama kama majike yamebeba yai moja au mawili nyuma ya mwili. Ndoo yenye majike wengi wenye mayai inakua. Ndoo ambayo hakuna mwenye yai, iko njiani kufa hata kama leo inaonekana imejaa. Dalili nyingine ni povu zito juu, harufu ya kuoza, na rotifa wanaosuasua. Ukiona hivyo, chuja walio hai, waoshe kwa maji mapya ya chumvi, waanzishe upya kwenye ndoo iliyosuguliwa.

Vuna kila siku, hata kama huna vifaranga. Ndoo isiyovunwa hujijaza uchafu wake na kuanguka. Ulichovuna wape samaki wengine au mwaga, na ujazie maji mapya kiasi kilekile.

Kutaga, na siku nane za kusubiri

Siku chache kabla, wote wawili huanza kusugua kigae kwa midomo, na tumbo la jike hujaa. Siku yenyewe, mara nyingi mchana au jioni, utaona kijibomba cheupe kimetokeza chini ya tumbo lake. Jike hupita polepole juu ya kigae akibandika mayai, dume humfuata nyuma akiyarutubisha, na zoezi huchukua saa moja au mbili. Usigonge kioo, usisafishe tangi siku hiyo.

Mayai ya kwanza huwa machache, na mara nyingi wazazi huyala usiku uleule au kesho yake. Usikate tamaa wala usiwatenganishe. Ni jozi changa. Baada ya mizunguko miwili mitatu hutulia, na mayai hufikia mia kadhaa kwa mara moja. Wakishaanza hurudia kila baada ya wiki mbili hivi, kwa hiyo mzunguko uliopotea si hasara ya kulilia.

Rangi ya mayai ndiyo kalenda yako. Mwanzoni ni ya chungwa. Kufikia siku ya tatu au ya nne hufifia na kuwa ya kahawia. Siku ya tano au ya sita unaona nukta mbili nyeusi kwenye kila yai: macho. Macho hayo yakianza kung'aa kama fedha, kuanguliwa kumekaribia sana, aghalabu usiku huohuo. Katika nyuzi 27 au 28 huwa ni usiku wa saba au wa nane, na kwenye maji yenye baridi zaidi huchelewa. Kwa muda wote huo dume hupepea mayai kwa mapezi na kuyatafuna yaliyokufa, ambayo hugeuka meupe. Mwache afanye. Hakuna dawa ya ukungu inayomfikia dume mwangalifu.

Tangi la vifaranga

Liandae siku mbili kabla. Lita 20 hadi 40, lisilo na mchanga wala mawe, kuta tatu au zote nne zimefunikwa kwa karatasi nyeusi upande wa nje. Vifaranga hufuata mwanga. Kuta zikiwa wazi hujibamiza kwenye vioo na hawatazami chakula. Maji yatoke tangi la wazazi siku hiyohiyo, ili chumvi, joto na pH zisitofautiane hata kidogo. Hita ndogo, kipimajoto, na mpira mmoja wa hewa. Usiweke kichujio cha mashine, kwani kitawafyonza.

Usilijaze. Anza na nusu ya maji au pungufu, kwa sababu mbili: rotifa wachache watatosha kufikia ile 10 kwa mililita, na utakuwa na nafasi ya kuongeza maji safi siku za mwanzo bila kulazimika kutoa.

Usiku wa kuanguliwa

Klauni huanguliwa gizani, kwa kawaida ndani ya saa mbili baada ya taa kuzimwa. Una njia mbili.

Ya kwanza, na ninayoipendelea, ni kuhamisha kigae. Saa moja kabla ya taa kuzima, tumbukiza bakuli ndani ya tangi la wazazi, ingiza kigae humo chini kwa chini, na uhamishe vyote bila mayai kugusa hewa. Wazazi watakuuma, na jike ndiye mbaya zaidi. Kwenye tangi la vifaranga simamisha kigae wima au kiinamishe kidogo, mayai yakiangalia mpira wa hewa. Mapovu yapande sambamba na uso wa kigae, karibu sana, kwa nguvu ya kuyatikisa mayai bila kuyang'oa. Mapovu hayo ndiyo yanayochukua nafasi ya dume, na yakiwa dhaifu mayai hayapasuki, au kifaranga hubaki amekwama na ganda. Kisha giza totoro: funika tangi kwa kitambaa, hata taa ya simu usiwashe kwa saa mbili. Baada ya hapo chungulia kidogo. Wakishatoka, punguza hewa hadi mapovu machache tu. Kama hawajatoka kabisa, acha hewa ileile; huenda ni usiku wa kesho.

Njia ya pili ni kuwaacha waanguliwe kwa wazazi wao. Zima pampu zote taa zinapozimika, subiri, kisha washa tochi moja juu ya kona ya tangi. Vifaranga hujikusanya chini ya mwanga, nawe unawachota kwa kikombe pamoja na maji. Usitumie wavu, hawastahimili kugusana na nyuzi wala kutolewa majini. Njia hii inafaa pale mayai yalipo kwenye jiwe lisilotoka, ila utapoteza wengi.

Siku saba za kwanza

Asubuhi ya kwanza vifaranga wana kiini kidogo kilichobaki. Tia mwani wa kijani mpaka maji yapate rangi ya chai ya majani mabichi, kisha rotifa waliochujwa na kuoshwa, 10 kwa mililita au zaidi kidogo. Mwani unafanya kazi mbili kwa pamoja: unapunguza mwanga na kumwonyesha kifaranga rotifa vizuri zaidi, na unawalisha rotifa wabaki na lishe matumboni mwao. Rotifa mwenye njaa humshibisha kifaranga bila kumjenga.

Mwanga uwe hafifu siku ya kwanza na ya pili, taa ya chumbani inatosha, kisha uongezwe taratibu. Vifaranga huwinda kwa macho, kwa hiyo wape saa 14 hadi 16 za mwanga. Kaa utazame mmoja tu kwa dakika kadhaa. Anayekula hupinda mwili mithili ya herufi S, husita, kisha hujirusha mbele. Ukimwona anafanya hivyo mara kwa mara na tumbo lake limejaa, mengine yatakwenda. Anayezunguka juu ya maji kichwa kikiwa kimeelekea juu, mwembamba, hajala, na kesho hatakuwepo.

Kila asubuhi na jioni pima rotifa kwa kuchota maji kwenye glasi. Wakipungua chini ya watano kwa mililita, ongeza. Usimwage lundo kubwa kwa mara moja ili ukalale. Rotifa waliozidi nao wanapumua na kunya, na hapo ndipo amonia inapopanda.

Amonia ndiyo muuaji mkubwa wa wiki hii. Tangi halina chujio, na kwenye pH ya bahari sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa katika hali ya sumu kuliko kwenye maji yasiyo na chumvi ya pH ndogo. Pima kila siku. Fyonza uchafu wa sakafuni kwa mpira mwembamba wa hewa uliofungwa kwenye kijiti kigumu, ukitolea kwenye ndoo nyeupe ili uone kama umemvuta kifaranga, umrudishe kwa kijiko. Badilisha asilimia 10 hadi 20 kila siku, na maji mapya yaingie tone kwa tone kwa saa nzima, si kwa jagi. Dawa ya kufunga amonia iwepo karibu kwa dharura, ila isikupe uvivu wa kusafisha.

Kuna kifo kimoja cha siku hizi kinachowachanganya watu. Taa inawashwa, na vifaranga walioonekana wazima wanajinyonga, wanazunguka mara mbili tatu na kuzama. Mara nyingi si ugonjwa bali ni upungufu wa mafuta ya omega-3, hasa DHA, ambayo Nannochloropsis haina ya kutosha. Tiba iko kwenye ndoo ya rotifa: saa chache kabla ya kuwavuna, walishe mwani wa aina ya Isochrysis au kirutubisho cha DHA kinachouzwa kwa kazi hiyo. Na taa uiwashe kwa hatua, taa ya chumbani kwanza, ya tangi baada ya dakika kumi.

Atemia na mistari myeupe

Kuanzia siku ya sita au ya saba, tumbukiza atemia wachache walioanguliwa siku hiyohiyo. Mayai ya atemia hutotolewa kwenye chupa ya maji chumvi yenye hewa kali na taa, nyuzi 28, kwa saa 24. Zima hewa, subiri dakika kumi: maganda huelea, atemia wa rangi ya chungwa hukusanyika chini. Wafyonze kutoka chini, waoshe kwa maji safi, na uwatoe wakiwa wapya, ndani ya saa chache, kabla hawajamaliza kiini chao. Maganda yasiingie kwa vifaranga, kwani hayasagiki tumboni na huziba njia.

Usibadilishe chakula ghafla. Vifaranga wa tangi moja hawakui sawa, na wakati wakubwa wanameza atemia, wadogo bado midomo yao ni ya rotifa. Toa vyote kwa siku nne au tano. Na atemia wawe kiasi cha kumalizwa ndani ya saa moja au mbili. Vifaranga hula bila breki, na waliovimbiwa siku ya sita hufa siku ya saba wakiwa na matumbo ya rangi ya chungwa.

Kati ya siku ya nane na ya kumi na tano wanabadilika umbo. Mwili unaongezeka kina, rangi ya chungwa inatokea, na mstari mweupe wa kichwani unaonekana kwanza, kisha wa katikati. Wanaacha kuelea ovyo na kushuka kukaa pembeni na sakafuni, wakitikisika kwa ule mwendo wa klauni. Ni kipindi kizito, na wengine wataishia hapa hata kwa mfugaji hodari. Kwa wakati huu usihamishe, usibadilishe maji mengi, usijaribu chakula kipya.

Wakishavuka, weka kichujio cha sponji kilichokuwa kikifanya kazi kwenye tangi jingine kwa wiki kadhaa, ili kije na bakteria wake. Ondoa karatasi nyeusi moja moja. Anza chakula kikavu kilichosagwa laini, kidogo, kabla ya atemia, wakati wana njaa.

Kuwakuza

Wakifika wiki nne hivi, wahamishie tangi la lita 60 au zaidi kwa kuwachota na maji. Lisha mara nne au tano kwa siku na ubadilishe maji mara kwa mara, kwani kasi ya kukua inafuata usafi wa maji kama inavyofuata chakula. Hapa utashuhudia ubabe ukianza. Jambo la kushangaza ni kwamba wakiwa wengi hugombana kidogo, ukiwapunguza wakabaki watano au sita, mmoja huanza kuwatesa wenzake. Watenge kwa ukubwa, na uwape vipande vya bomba la plastiki vya kujificha.

Wachambue kwa macho makavu. Kifuniko cha matamvua kilichokatika, taya lililopinda, uti uliokunjika: hao wasiuzwe wala wasizaliane. Mstari uliokatika au kukosekana ni suala jingine. Samaki mwenyewe ni mzima, na wapo wanaompenda hivyo, lakini ukiona nusu ya kundi iko hivyo, rudi kwenye chakula na maji ya wiki mbili za kwanza. Usichanganye aina mbili kwa kuzalisha machotara, na wala usimwachie baharini samaki yeyote uliyemzalisha nyumbani, hata kama ni aina ya bahari yako.

Wakati haya yakiendelea, jozi yako itakuwa imeshataga tena, pengine mara mbili. Usitoe kila kigae. Kama ndoo za rotifa zimechoka au tangi la kukuzia limejaa, waache waanguliwe na kuliwa na wazazi wao, utachukua mzunguko unaofuata. Vifaranga huwa tayari kwa mwenye tangi mwingine wakifika sentimita tatu, wakiwa na umri wa kati ya miezi minne na minane, na baada ya kukaa angalau mwezi mmoja wakila chakula kikavu bila kubembelezwa. Siku ya kuwasafirisha usiwalishe asubuhi, wafunge wachache kwa kila mfuko, na umpe anayewachukua namba ya chumvi na joto la maji yako, pamoja na kiasi kidogo cha chakula walichozoea.